Mzee wa Seva na Foleni Zake

Ukitaka kumsalimia Mzee wa Seva, ilibidi uwe na nafasi. Ulimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia, "Marahaba, habari?" nawe ukasema, "Nzuri." Mtu mwingine hapo angekuachia uende zako. Yeye aliipandisha miwani hadi kwenye paji la uso, akakutazama kama anayesoma mita ya maji.

"Nzuri ya dakika moja, ya dakika tano, au ya robo saa?"

Wageni walidhani amechanganyikiwa. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua alikoitoa. Mashine yake ilikuwa na amri moja fupi. Ukiiandika, inakujibu kwa namba tatu: wastani wa kazi zilizokuwa kwenye foleni ya mashine kwa dakika moja iliyopita, kwa dakika tano, na kwa robo saa. Mzee aliamini hakuna njia bora ya kujua hali ya kitu chochote, kiwe mashine, ndoa au tumbo. "Namba ya kwanza kubwa, ya mwisho ndogo, shida ndiyo kwanza inaingia," alitufundisha. "Ya kwanza ndogo, ya mwisho kubwa, shida inaaga. Zote tatu kubwa, vuta kiti, una kazi."

Mimi nilizoea kumjibu, "Ya robo saa mbaya, ya dakika tano afadhali, ya sasa hivi nimekutana na wewe." Alicheka kwa mabega tu, mdomo umefungwa, kama mtu anayeficha pipi.

Alizaliwa lini na ukoo gani sitaandika. Nilimuuliza mara moja, akanijibu kwamba mashine haiulizwi ilitengenezwa wapi, inaulizwa inasubiri nini. Inatosha kujua kwamba alikuwa mtu wa ziwani, Mwanglikana, aliyejikuta katikati ya mji wa milima, Wakatoliki na kahawa. Alitutania kwamba sisi wa milimani tunatembea tumeinama hata kwenye tambarare. Sisi tulimtania kwamba ananuka usipa, vidagaa vya kwao ziwani, hata Jumapili. Alisema usipa ni bora kuliko maharage, maana usipa ukiula jirani hasikii.

Ofisi yetu ilikuwa ya kupokea na kukoboa kahawa, hapahapa Mbinga mjini. Jina lake nimelificha kwa sababu wengine waliohusika bado tunakutana sokoni. Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda hadi Maguu na Mkumbi na magari yao, na kila kampuni ikataka kuonekana ya kisasa kuliko mwenzake. Yetu ikaleta seva: sanduku moja kubwa lenye mfumo wa Unix, limefungiwa chumba chake, na nyaya zinazokwenda kwenye skrini sita zenye maandishi ya kijani. Sisi makarani sita tuliita kila skrini kompyuta na tulijivuna sana. Mzee alitushusha siku ya kwanza. "Kompyuta ni moja tu, iko mle ndani. Hizo mlizokalia ni madirisha."

Mimi nilikaa skrini namba tatu. Nilikuwa na kidato cha nne, vidole vinne vya kuchapia, na sifa moja iliyojulikana mji mzima: sipendi kutoka nyumbani. Shule ya bweni nililia mihula yote. Nikienda Mpepai, hapo jirani tu, nikarudi siku ileile, mama alinipokea kama mtu aliyetoka ng'ambo. Wenzangu walisema kuku wa kienyeji anatembea kuliko mimi, na sikubisha, kwa sababu ni kweli: wangu alikuwa anafika hadi kwa jirani wa tatu.

*

Kitu ambacho Mzee hakuachana nacho ni daftari. Daftari la shule, kurasa mia mbili, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Kila saa aliingia kwenye chumba cha seva, akaandika amri zake, akajaza safu zake: foleni, kumbukumbu, diski. Safu ya mwisho aliiita Mengineyo, na humo alitia kila kitu. "Mvua." "Meneja amerudi safari." "Harufu ya pilau."

"Mzee, pilau inaingiaje kwenye seva?" nilimuuliza.

"Sijui bado. Ndiyo maana nimeiandika."

Kwa daftari hilo aligundua kwamba mashine huzidiwa kila siku saa nne na nusu kamili. Mtu mwingine angefungua sanduku na bisibisi. Yeye alikaa mlangoni siku tatu akatutazama. Siku ya nne akatangaza kwamba chai ya saa nne itanywewa kwa zamu mbili, watatu watatu, kwa sababu tukirudi sote pamoja tunagonga vitufe dakika moja na mashine inakabwa.

Ilikuwa vita. "Umegawa chai, Mzee!" Mama Mfagizi alimlalamikia, mama mmoja mnene aliyekuwa anafagia ofisi na kuiendesha pia, ingawa Meneja hakuwa na habari. "Sasa umbea itabidi niueleze mara mbili."

"Ueleze mara mbili, mama. Lakini usiueleze wote kwa wakati mmoja."

Mashine ikatulia kweli. Ila kuanzia siku ile ofisi yetu ilikuwa na habari mbili tofauti za kila jambo, moja ya zamu ya kwanza na moja ya zamu ya pili, na Mzee peke yake ndiye aliyekuwa na nakala zote.

Alikuwa na sheria moja iliyomkera Meneja: kitu kimoja kwa siku. Hakubali kubadilisha mambo mawili kwenye seva kwa mpigo, hata ukipiga magoti. "Nikibadilisha matatu ikapona, nitamshukuru nani? Na ikifa, nitamshtaki nani?" Alibadilisha namba moja, akaiwasha upya, akaandika, akasubiri hadi kesho. Meneja alisema anaitibu kama mtoto mchanga. Mzee alijibu kwamba mtoto mchanga angalau analia.

Na si kwamba alikuwa hakosei. Siku moja, ukungu umeshuka hadi dirishani, alitukusanya atueleze alichokifanya jana yake. Akasema diski ni kama mto ulioko mbali, na mashine ikitaka kitu cha huko inachoka njiani. Kwa hiyo inajichimbia vishimo kwenye kumbukumbu, inahifadhi karibu yale iliyokwisha kuyateka.

"Kama ngoro zenu," alisema, akifurahi kwamba amepata mfano wa kwetu. Ngoro ni yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo tunayachimba kwenye miteremko ili mvua isikimbie na udongo wetu. "Jana nimeiongezea ngoro. Nyingi sana."

Mama Mfagizi aliegemea fagio. "Na matuta umeyaacha mapana kiasi gani?"

"Matuta gani?"

"Haya! Mtu wa ziwani huyo." Alitugeukia sisi, kisha akamrudia. "Mzee, shimo linasimama kwa sababu ya tuta. Ukichimba mashimo mengi, matuta yanakonda. Mvua moja tu, shamba lako lote liko kwa jirani. Na maharage utapanda wapi? Ndani ya maji?"

Tulicheka. Mzee hakucheka. Alishusha miwani, akaingia chumbani kwake, na kupitia mlango tukamsikia akijisemea, "Matuta... matuta..." Kumbe kweli: kumbukumbu yote aliigeuza vishimo, programu zetu zikakosa mahali pa kusimama. Kesho yake akapunguza. Kwenye daftari, safu ya Mengineyo, aliandika: "Ushauri wa Mama Mfagizi. Sahihi." Mama alitaka asomewe ukurasa ule kila wiki, na alisomewa.

*

Sasa mtu aliyepima mashine kwa sekunde, wewe ungedhani maisha yake yamenyooka kama rula. Alifika kazini amechelewa kila siku ya Mungu. Baiskeli yake haikuwa na breki. Breki ilikuwa soli ya kiatu cha kulia, na ndiyo maana kiatu cha kulia kilikwisha mara mbili kabla ya cha kushoto. Kwenye mteremko wa kanisani watu waliposikia kengele yake waliingia mtaroni wenyewe.

"Mzee, baiskeli utaitunza lini?"

"Baiskeli haina namba," alisema. "Nitajuaje kama inaumwa?"

Na alichelewa kwa sababu gani? Foleni. Alizipenda foleni kama wengine wanavyopenda mpira. Akipita posta akakuta watu wamejipanga, alijiunga nyuma yao, hana barua wala stempu, aone tu inavyokwenda. Alipofika dirishani alisema, "Asante, nimemaliza," akaondoka. Kanisani kwetu alikuja Jumapili ambazo Waanglikana hawakuwa na ibada karibu, akaketi nyuma, na siku moja akamfuata katekista kumshauri kwamba mistari miwili ya komunyo ikiunganishwa kuwa mmoja unaogawanyika mbele, watu watakwenda haraka zaidi.

Katekista alimsikiliza hadi mwisho. "Mzee wangu, hapa tunajitahidi waende polepole."

Hilo nalo aliliandika.

Kuhusu joto nitaje kidogo tu. Mbinga mwezi wa sita na wa saba baridi yake inauma, na nyuma ya seva palikuwa na tundu la kupulizia hewa ya moto. Mle ndani palikuwa patamu kama jikoni. Makarani tulibuni sababu nyingi za kwenda kumuuliza Mzee maswali. Siku aliyokuta soksi mbili zimeanikwa juu ya tundu, hakuuliza ni za nani. Alizing'oa, akazipima kwa kuzishika, akaandika: "Soksi, mbichi. Mashine imepanda joto." Kisha akazianika upya kwenye dirisha. Soksi zilikuwa zangu. Nakwambia hili mapema ili usije ukadhani nitajificha humu kama mtu mwema.

*

Msimu mmoja mambo yakaharibika.

Kazi yetu ilikuwa hivi: mkulima analeta kahawa yake ya maganda, inapimwa mizani, karani anaingiza uzito, mashine inachapa hati ya mapokezi, mkulima anaondoka na hati yake. Hati ndiyo heshima ya mkulima. Bila hati kahawa yake ni mbegu tu zilizomwagwa kwa watu. Msimu ule nikibonyeza kitufe, skrini ilikaa. Inakaa, inakaa. Mkulima alipata muda wa kunieleza habari za ng'ombe wake, za mkwe wake, na za ng'ombe wa mkwe wake. Nje ya geti wanunuzi binafsi walisimama na karatasi na kalamu ya wino, wanaandika hati kwa mkono, na ilikuwa aibu kwamba mkono uliishinda seva. Wazee wa Maguu walianza kugeuza punda wao kuelekea getini.

Makao makuu yakatuma Mtaalamu. Kijana wa tai, na begi la magurudumu ambalo kwa tope letu ilibidi alibebe kichwani. Aliitazama seva kwa muda wa kunywa soda.

"Imezeeka," alisema. "Songea tuna chumba kizuri na umeme wa uhakika. Iende huko, na makarani waifuate."

"Umeitazama dakika tano," Mzee alisema. "Ya robo saa je?"

Mtaalamu alidhani ni msemo wa kwetu, akatabasamu kwa adabu.

Meneja akatuita. "Jumatatu anarudi na saa yake. Hati zikichelewa mbele ya macho yake, mashine inahamia Songea, nyinyi sita nyuma yake. Asiyetaka kwenda, kazi imekwisha."

Wenzangu watano walifurahi hadi wakashikana mikono. Mimi nilibaki kwenye kiti changu. "Dada, Songea si Ulaya," karani wa skrini namba nne aliniambia. "Kuna stendi, kuna sinema, kuna kila kitu."

"Kitanda changu kipo?"

"Hakipo."

"Basi hakuna kila kitu."

Nilisema kwa mzaha, lakini nyumbani haikuwa mzaha. Tulikuwa wawili, mimi na mama, na miguu ya mama ilikuwa imeshaacha kumtii. Alikuwa ananyanyuka kitandani kwa bega langu asubuhi, na kulala kwa bega langu jioni. Nilipomweleza habari za Songea akasema, "Nenda, mwanangu. Mimi sihamii mahali nisipojua jirani anapika nini." Akageuka ukutani. Mwisho wa mwezi ule nilikuwa nachagua kati ya mshahara na mama.

Na hapa nisogeze kiti, nikwambie ambacho Meneja sikumwambia.

Skrini zetu zilikuwa na kitufe cha kubadilisha ukurasa. Kila skrini kurasa nne. Unaweza kufanya kazi kwenye wa kwanza huku nyingine tatu zimefunguliwa nyuma. Kulikuwa na ripoti moja nzito, orodha ya wakulima wote na kahawa yao, ambayo Meneja aliitaka kwa ghafla, na kuifungua kulichukua muda mrefu. Mimi nikabuni ujanja. Kila asubuhi nikifika, nafungua ripoti ile kwenye ukurasa wa pili, wa tatu na wa nne, naiacha pale inapouliza "Niendelee?" Nikiitiwa ripoti, mimi ni ndiyo tu, nimeshafika mbele. Tatu, kwa usalama.

Nilikotoa ujanja huo kila mwanamke wa Mbinga anakujua. Kwenye mashine ya kusaga mahindi hatusimami foleni siku nzima. Unaweka jiwe lako kwenye mstari, unarudi nyumbani kupika, jiwe linakupangia. Mimi nilikuwa bingwa. Kuna siku nilikuwa na mawe matatu katika foleni tatu, na mwenyewe niko kitandani nakunywa chai.

Ujanja mzuri haukai kwa mtu mmoja. Nilimnong'oneza namba nne, naye akamnong'oneza namba tano, zamu ya chai ikaupeleka kwa wengine. Mwezi haujaisha, skrini zote sita zilikuwa na ripoti tatu tatu zimelala nyuma. Ripoti kumi na nane, zimekaa kwenye kumbukumbu, hakuna anayezitazama. Na hati ya mkulima mmoja wa Mkumbi, ya dakika moja, inatafuta pa kupita.

Je, nilijua kwamba ni mimi? Nilikuwa nashuku, kama unavyoshuku kwamba harufu inatoka kwenye kiatu chako. Hutazami chini.

*

Wiki ile Mzee alilala na daftari lake. Safu zilimwambia kitu cha ajabu: ubongo wa mashine ulikuwa hauna kazi nyingi, karibu umekaa tu. Lakini diski ilikuwa inahangaika bila kupumua. "Inabeba mizigo kutoka sebuleni kwenda stoo, kutoka stoo kurudi sebuleni," alimwambia Meneja. "Sebule imejaa. Imejaa nani, hilo ndilo sijalijua. Foleni naiona ndefu, watu siwaoni."

Ijumaa mchana mkewe alimtuma kusaga mahindi. Alitusimulia mwenyewe kesho yake. Alifika, akauliza mwisho wa foleni, akaambiwa yeye ni wa kumi na moja. Mbele yake aliona wanawake wawili.

"Wale wanane wako wapi?"

"Hao hapo, Mzee." Wakamwonyesha mawe manane, yamejipanga vizuri kwenye vumbi. "Usiyakanyage, yana wenyewe."

Alisema alisimama akiyatazama mawe kwa dakika moja, kwa dakika tano, na kwa robo saa. Kisha akawaachia wanawake debe lake la mahindi, akapanda baiskeli, akashuka mteremko kwa soli moja hadi ofisini, unga wa watu umemtapakaa nywele. Tulimwona akipita kama mzimu. Akajifungia chumbani, akaorodhesha kila kilichokuwa kimefunguliwa ndani ya seva, cha skrini ipi, tangu saa ngapi.

Jumamosi akatusimamisha mbele ya skrini zetu.

"Kuna mawe kwenye foleni yangu," alisema. "Kumi na nane. Nani alianza, sitauliza."

Wenzangu walitazama viatu. Mimi, Mungu anisamehe, nilikunja uso, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mizani, "Watu wengine hawana aibu kabisa!"

Mzee alinitazama muda kidogo. "Kweli, binti," alisema. "Kweli kabisa."

Hakuongeza mashine hata kipande. Alifanya kitu kimoja, kwa heshima ya sheria yake: ukurasa wowote usioguswa kwa dakika kumi, seva inaufunga yenyewe. Jumapili baada ya ibada akafanya cha pili. Ripoti nzito itajiandaa yenyewe alfajiri kabla hatujafika, nakala inaning'inizwa kwenye msumari mlangoni kwa Meneja. Na mtu akiihitaji tena mchana, ataipata, lakini Mzee ameipa amri ya kuwapisha wengine. "Nimeifundisha adabu," alisema. "Ikikutana na hati ya mkulima, inaamkia kwanza, inakaa pembeni."

Jumatatu Mtaalamu akasimama nyuma ya bega langu, saa mkononi. Kati ya skrini sita alichagua namba tatu. Vidole vyangu vinne vikawa kama viwili. Mkulima wa kwanza alikuwa mzee wa Maguu, koti la jeshi, kofia mkononi. Nikaingiza uzito wake. Nikabonyeza.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia, nipate cha kufanya wakati wa kusubiri.

"Marah..."

Hati ikatoka. Mzee wa Maguu aliitazama kwa mashaka, akaigeuza nyuma. "Hii imeandikwa kabla sijaja?"

Akaja wa pili, wa tatu, wa kumi. Mtaalamu akaweka saa mfukoni. "Mzee, umeongeza kumbukumbu?"

"Nimepunguza mawe," Mzee alisema, akaenda zake kunywa chai, zamu ya pili.

Seva ilibaki Mbinga. Mimi nilibaki Mbinga. Bega langu likabaki pale lilipohitajika, kwa miaka yote mama aliyobakiwa nayo, na alifia nyumbani akijua jirani anapika nini. Baadaye kampuni yenyewe ilikuja kufa, kama zilivyokufa nyingi, kwa mambo ambayo hakuna daftari lingeyazuia. Wenzangu wakasambaa. Mzee akafunga virago akarudi ziwani. Siku ya kuagana nilitaka kumwambia. Nikamwambia, "Safari njema."

*

Nilikuja kumwona tena Mzee wakati binti wa mama mdogo alipoolewa. Kikao cha harusi kilitaka usipa wa kutosha, mbichi wa kukaushwa palepale, na wajumbe kwa ukorofi wao wakanichagua mimi. Nilituma salamu kwa dereva wa pikapu kwamba nitashuka Mbamba Bay, kule ziwani, mtu fulani aambiwe. Kisha nikashuka milima ile kwa mara ya kwanza maishani, nikatapika mara mbili, nikasali sala zetu zote na za Waanglikana nilizozijua.

Nilimkuta asubuhi, kando ya vichanja wanakoanika usipa. Alikuwa amekonda, fimbo mkononi, macho yameingia ukungu. Sweta lilelile la Mbinga, kwenye joto lile. Daftari jipya kwenye paja.

"Shikamoo, Mzee."

Akainua miwani. "Marahaba. Habari?"

"Ya robo saa nilikuwa nakufa. Ya dakika tano afadhali. Ya sasa hivi nimekutana na wewe."

Mabega yakacheka. Aliniuliza habari za Mama Mfagizi, nikamweleza mara mbili, kwa zamu zote. Tukakaa. Nikajikaza. Maneno yale niliyabeba miaka mingi, na njia nzima nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

"Mzee, kuna jambo la zamani. La ule msimu. Ile siku uliposema hutauliza nani..."

"Usipa utaisha," alisema, akinyoosha fimbo kuelekea ufukweni. "Nenda kwenye foleni. Tutaongea ukirudi."

Nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu, vikapu, ndoo, wanawake wachache wamekaa juu ya mchanga, na katikati yao mawe. Nikaanza kuelekea mwisho, huko mbali kabisa. Mama mmoja mwenye kikapu akanidaka mkono.

"Wewe ndiye wa milimani? Nafasi yako hii hapa, ya nne."

"Mimi ndiyo kwanza nafika, mama."

"Tunajua. Tangu alfajiri babu yule anakuja kulisogeza. Tulimwambia, babu, jiwe halichungwi, litakaa lenyewe. Amesema mwenye jiwe hili hajawahi kusimama foleni mwenyewe, atapotea." Wenzake wakaangua kicheko.

Nikatazama chini. Lilikuwa jiwe bapa la ziwani, limeoshwa vizuri. Juu yake, kwa chaki, kwa mwandiko niliouona kurasa mia mbili, palikuwa na namba ya skrini yangu: tatu.

Niligeuka. Kule kwenye vichanja alikuwa ameinamia daftari, anatazama saa, anaandika, mabega yanamtikisika. Nikaliokota jiwe, nikalitia kwenye kikapu, nikasimama mahali pake kwa miguu yangu mwenyewe.